Awamu ya Nne, Mvua Ikinyesha

Siku ya kwanza kazini nilivaa suti. Nilikuwa na shahada ya historia kutoka Dar es Salaam, nyingine kutoka Toronto, na suti moja, nikaona si haki vitu hivyo vitatu visikutane mahali. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la kufulia nguo, na mvuke wa mashine ulipanda kwetu mwaka mzima. Watu wote waliokuwamo walivaa fulana. Mkuu wa Rekodi, ambaye ndiye aliyenifungulia mlango, alinitazama kuanzia tai hadi viatu, akaniuliza kama nimekuja kukagua bima ya moto.

Tangazo la kazi lilisema anatafutwa "mtafiti wa kumbukumbu". Nilidhani ni nyaraka za taifa. Kumbe ilikuwa kampuni ndogo ya kutunga maswali ya chemsha bongo kuhusu mchezo wa besiboli: rekodi, tuzo, na mambo makubwa waliyoyafanya wachezaji. Wateja wetu walikuwa redio, shule, baa, wachapaji wa kalenda, na watangazaji wa mpira waliohitaji kitu cha kusema wakati mrushaji anajikuna. Besiboli nilikuwa nimeiona mara chache kwenye televisheni ya jirani huko Toronto, mtaa wa Lawrence Heights, sauti ikiwa imezimwa, na niliamini ni rede, ule mchezo wetu wa watoto, ya watu wazima wenye sharubu. Tofauti niliyoiona ni kwamba kwenye rede wa katikati anaukwepa mpira, na huku anautafuta.

Ninyi vijana mnaouliza simu na kujibiwa kabla hamjamaliza kuuliza, niwaeleze tulivyofanya. Kila swali liliandikwa kwenye kadi, kwa penseli. Halafu mhakiki, yaani mimi, alitafuta vyanzo viwili visivyonakiliana. Chanzo bora kilikuwa karatasi ya mechi, ile anayoijaza mwandishi rasmi aliyekaa uwanjani, pigo kwa pigo. Vyanzo viwili vikikubaliana, nilipita juu ya penseli kwa wino mweusi na kutia saini pembeni. Kadi ya penseli ilikuwa bado inangoja. Kadi ya wino haikufutwa. Mkuu wa Rekodi aliweka kalamu za wino kwenye droo yake, nasi tulimwomba moja moja, kama wanafunzi wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni.

Nilikosea sana mwanzoni. Niliandika swali kuhusu mrushaji ambaye katika mechi nzima hakuna aliyeweza kuupiga mpira wake akafika kituoni, nikauita mchezo kamili. Mkuu wa Rekodi akanirudishia kadi.

"Hakuna mtu aliyefika kituo cha kwanza?" akaniuliza.

Nikasema mmoja alifika, lakini bure tu: mrushaji alitupa vibaya mara nne, mpigaji akaruhusiwa kwenda bila kupiga.

"Anayefika bure naye amefika," akasema. "Huo ni mchezo usio na pigo. Mchezo kamili ni wapigaji ishirini na saba wanakuja, ishirini na saba wanarudi kukaa."

Maneno yale ya kufika bure niliyabeba hadi nyumbani. Kwa mhamiaji yalikuwa na utamu wake.

Kosa jingine lilichukua wiki nzima. Mpigaji akiongoza ligi katika msimu mmoja kwa wastani wa mapigo, kwa homurani, na kwa mikimbio, yaani pointi, iliyoletwa na mapigo yake, husemwa ametwaa taji la mara tatu. Homurani, kwa asiyejua, ni pigo la kumruhusu mpigaji azunguke vituo vyote vinne hadi pale alipoanzia. Mara nyingi mpira huwa umevuka ua. Basi mimi nikaandika barua nne za heshima nikiuliza taji lenyewe limehifadhiwa jumba gani la makumbusho. Mhariri wa Maswali, mama mpole aliyetafuna karoti siku nzima, aliziona barua kabla hazijaenda posta. Akaniambia taratibu kwamba hakuna taji. Ni hesabu tu zinazokutana kwa mtu mmoja. Barua hizo zilibandikwa ukutani hadi siku nilipostaafu.

Mwaka wa pili nilijiona nimeiva, na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa.

Mkuu wa Rekodi alikuwa amewahi kucheza. Hakulizungumzia, lakini jina lake lilikuwamo kwenye kitabu cha ligi moja ndogo: mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, msimu mmoja na nusu, homurani sifuri. Siku moja nikipekua magazeti ya zamani nilikuta habari ya mji mdogo, toleo la jioni. Ilisema mdakaji wa wageni, kwa jina lake kabisa, alipiga mpira ukavuka ua wa kulia na kuangukia kwenye reli. Kitabu kilikuwa kimekosea, na mimi, mtu wa rede, ndiye niliyegundua.

Nikamwandikia barua mchezaji mwenzake wa zamani. Akajibu kwamba anaikumbuka vizuri, na mpira ule uligonga behewa. Vyanzo viwili, visivyonakiliana. Nikaomba kalamu bila kusema ni ya nini. Nikaandika kwa wino: *Mdakaji gani alipiga homurani yake ya pekee ikaangukia kwenye reli?* Ilikuwa wiki ya kutimiza kwake miaka sitini. Niliiweka kadi mezani pake, nikaenda kukaa kwangu na kujifanya nasoma.

Aliisoma mara moja. Akavua miwani, akaisoma tena bila miwani, ingawa bila miwani alikuwa haoni kitu.

"Uliangalia mvua?" akaniuliza.

Sikuelewa. Akaniambia nivute kiti.

Mchezo wa besiboli una awamu tisa. Katika kila awamu pande zote mbili hupata zamu ya kupiga. Mvua ikiuvunja mchezo baada ya awamu ya tano, matokeo yanahesabiwa. Ikiuvunja kabla, kwa sheria za wakati ule, mchezo haukuwapo. Siku hizi ligi kubwa huuahirisha na kuuendeleza pale ulipoishia. Zamani ulifutwa wote, pamoja na kila pigo. Gazeti la jioni lilikuwa limechapwa kabla mwamuzi hajatangaza. Yule mwenzake alikumbuka mpira na behewa, akasahau mvua. Na mimi nilikuwa nimeuliza kila kitu isipokuwa hali ya hewa.

"Ilikuwa awamu ya nne," akasema Mkuu wa Rekodi. "Nilikanyaga vituo vyote vinne. Nilivikanyaga polepole, maana nilijua sitarudi tena. Halafu mwamuzi akatazama juu. Tulingoja chini ya paa zaidi ya saa nzima." Akavaa miwani. "Kwa saa ile, homurani nilikuwa nayo."

Akachora mstari juu ya maandishi yangu, akaandika neno moja, *mvua*, akaitia kadi kwenye droo ya kalamu. Hakunikaripia. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenikaripia. Tangu siku hiyo, mtu yeyote ofisini akileta kadi nzuri kupita kiasi, wengine walimuuliza kama ameangalia mvua, naye Mkuu wa Rekodi alicheka pamoja nao.

Alistaafu, mimi nikarithi droo. Baada ya Mhariri wa Maswali alikuja Meneja wa Maudhui, kijana mwenye adabu aliyeleta programu ya kompyuta inayotunga maswali mia kabla ya chai. Iliwahi kuuliza taji la mara tatu limehifadhiwa wapi. Nilifurahi kupata mwenzangu. Lakini nilikuwa na miaka hamsini na minane, na macho yalianza kusoma tatu kama nane, kasoro mbaya kwa mtu wa rekodi. Nikaaga. Walininunulia keki yenye umbo la kiatu. Nadhani ilikusudiwa kuwa glavu.

Watu wa kanisani kwetu, Wakongo wengi na Warundi, Watanzania wachache, hawakuwahi kuelewa nilifanya kazi gani. Niliacha kueleza. Mama Furaha pekee, mama wa Bukavu anayekaa St. James Town na kutunza wazee katika nyumba moja huko Richmond Hill, alijua kwamba nilikuwa "mutu wa maswali", kwa sababu mmoja wa wazee wake alikuwa Mkuu wa Rekodi. Mwanzoni nilikuwa nikienda kumwona mara kwa mara. Akaanza kulisahau jina langu, kisha ofisi, kisha mkewe marehemu, na mimi nikaanza kupata sababu za kutokwenda. Barafu. Mgongo. Nayaandika haya bila kujitetea.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, baada ya ibada, Mama Furaha alinishika mkono karibu na meza ya chai.

"Papa Neema, ule muzee wako ananimaliza. Mvua ikianza tu, anasimama kwa dirisha. Anauliza ni awamu ya ngapi. Nikimuambia sijui, anatetemeka. Wenzangu wanamuambia mchezo umeisha, analia kama mutoto. Donc, tumujibu nini? Kujibu ni kazi yako."

Nilijua jibu, na nilijua pia jibu ambalo lingemtuliza; nikawasimulia habari ya mvua, awamu ya nne na ya tano. Binti yangu Neema, ambaye hukielewa Kiswahili chote na hukijibu kwa Kiingereza, alisema hapo hapo kwamba nimwambie ni ya tano, nani ataumia? Mama Furaha alikubaliana naye.

"Sema tano," akasema. "Mungu atasamehe awamu moja."

Mawingu yalikuwa yamekwisha kufunga, na zamu ya Mama Furaha kazini ilianza mchana ule. Neema alitupeleka kwa gari. Njia nzima hadi Richmond Hill nilijizoeza kutamka tano, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyeangalia vyanzo viwili. Kwa zaidi ya miaka ishirini sikuwahi kutia wino kitu kisicho kweli, isipokuwa ile kadi moja, na hiyo niliiamini mno. Nilijiambia kwamba nimestaafu. Rekodi si mali yangu tena. Mzee analia, na dawa yake ni neno moja fupi.

Tulimkuta dirishani tayari. Matone yalikuwa yameanza kugonga kioo. Alikuwa amepungua, shati limembaki kubwa, lakini mikono yake ilishika ukingo wa dirisha, vidole vimetanuka, kama anayesubiri kurushiwa mpira. Hakunitambua.

"Ni awamu ya ngapi?" akaniuliza.

Mama Furaha alinikazia macho. Nilifungua mdomo kusema tano.

"Ya nne," nikasema.

Mabega yake yalianza kutetemeka. Nyuma yangu nilimsikia Mama Furaha akivuta pumzi ya kuniombea au kunilaani. Ndipo nikakumbuka mambo mengine aliyoniambia mzee siku ile ya kadi, ambayo nilikuwa nimeyaacha nyuma kwa sababu hayakuwa ya kitabuni.

"Lakini mwamuzi hajasema kitu," nikamwambia. "Tunangoja."

Alinigeukia. Akanitazama, kisha akaitazama mvua, na vidole vyake vikalegea kimoja kimoja.

"Hajasema?"

"Bado."

"Basi sogea huku chini ya paa," akasema. "Utalowa."

Mama Furaha alileta viti viwili. Tulikaa pale tukiitazama bustani ikilowa. Aliniuliza kama niliuona mpira, nikasema niliambiwa uligonga behewa. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama zamani alipokutana na kadi safi. Mvua ilipokatika alikuwa ameshasahau tulichokuwa tukingojea. Akanikagua, tai hadi viatu, maana nilikuwa bado katika suti ya ibada, akaniuliza kwa adabu kama nimekuja kukagua bima ya moto. Nikasema ndiyo, na kila kitu kiko salama. Hilo ndilo jibu pekee nililowahi kutoa bila vyanzo viwili.

Sasa ninakwenda kumwona kila Alhamisi, na siku yoyote mawingu yakifunga, mgongo upende usipende. Watu huniuliza kama ninaikumbuka kazi. Zile kadi siziwazii sana. Nimetumia maisha yangu kulinda yaliyohesabiwa, na sijutii, kwa kuwa lazima awepo mtu wa kuyalinda. Ila hakuna aliyenifundisha kwamba yasiyohesabiwa nayo yanahitaji mtu wa kukaa nayo.

Kabla ya kuondoka Jumapili ile, Mama Furaha aliniomba niwaandikie wenzake maneno ya kumwambia mzee siku ambazo sipo. Nilikuwa na kadi tupu mfukoni, mazoea. Nikaandika kwa herufi kubwa: *Ni awamu ya nne. Mwamuzi hajasema kitu. Tunangoja.* Akaibandika karibu na dirisha, akarudi nyuma kuisoma, akakunja uso.

"Papa Neema, penseli itafutika. Chukua bic yangu."

Nikamwambia ni lazima ibaki hivyo hivyo. Ikififia, nitaiandika upya.