Shevrefei Isiyonukia

Hilaire huuza miche mbele ya nyumba yake pale mtaa wa Mapendo, kwenye mikebe ya maziwa iliyotobolewa. Ni mbishi huyo, usiseme. Ukimwomba shevrefei, ule mmea ambao watoto huchuma ua lake na kunyonya asali, atakupa wowote kati ya miwili. Mmoja hutambaa, una maua meupe, na harufu yake jioni hukukumbusha kwenu. Mwingine ni wa uzio, maua ya rangi ya chungwa, haunukii kabisa. Si ndugu hata kidogo, lakini kwake yote ni shevrefei, na asiyetaka aende kwingine.

Wakati wa kambi ya Mugunga, ya watu waliokimbia vita, watu walipanda miche yake juu ya makaburi. Msalaba wa mti haukumaliza wiki pale, mtu angeupikia. Élisabeth, mama wa Masisi, alimzika huko binti yake Bénita, akaomba shevrefei inayonukia. Nyeupe ilikuwa imeisha. Hilaire akampa ya chungwa na kuapa kwamba itanukia.

Kambi ikabomolewa, Élisabeth akarudi Masisi kabla mche haujachanua. Mwezi uliopita alikuja kulitafuta kaburi, alijengee kwa mawe.

"Papa Hilaire, unisindikize," alisema. "Nitalijua kwa harufu."

Hilaire alikwenda naye kwa aibu. Ilikuwa saa sita mchana, hakuna upepo wala ndege. Hema zote zilikuwa zimeondolewa. Juu ya mawe meusi ya volkano kulikuwa na vichaka vyenye maua ya chungwa zaidi ya thelathini, vyote vyake, vyote sawa. Élisabeth alivipita bila kuvitazama, kama mtu anayeitwa, akapiga magoti kwenye kimoja.

"Ni hapa."

"Mama, nilikudanganya," Hilaire akasema. "Hii haina harufu. Unaweza kulilia mutoto wa mwenzako."

Élisabeth aliinua jiwe chini ya kichaka, akatoa kikombe chekundu cha plastiki alichokificha hapo siku ya kumzika Bénita.

"Iko na harufu, papa. Hausikie?"

Hilaire aliisikia. Ilikuwa ile ya nyeupe, tamu, ya jioni, ikitoka katikati ya mawe. Aliogopa, wala hafichi kwamba aliogopa.

Siku hizi hunusa kila ua la rangi ya chungwa kabla ya kuuza mche wake. Hakuna linalonukia. Shati alilovaa siku ile mkewe amelifua mara tatu, na bado linanukia.