Masikio ya Kibwana

Mwanangu, nnaikumbuka vyema siku aliyofika Mzee Nassor kwenye karakana yetu ya Hamriya, hapa Maskati, amekaa nyuma ya pikapu pamoja na dubu mweusi aliyekufa, amemfunika kwa shuka lake mwenyewe. Dubu alifugwa kwenye shamba la tajiri mmoja, na mzee ndiye aliyemlisha tangu udogo mpaka uzee ulipomwondoa. Tajiri alitaka ngozi ijazwe, dubu asimamishwe ukumbini. Mzee alikuwa na ombi moja tu. Mtoto wa jicho alishamfunga macho yote mawili, naye alitaka amshike tena dubu wake nyuma ya masikio, pale alipozoea kumkuna kila jioni.

Kazi hii nilijifunza peke yangu, kwa vitabu na kwa kuharibu, na wakati ule nilishajiona fundi. Ngozi ya dubu ina mafuta mengi, na chumvi haipenyi mafuta. Nilikwangua tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Nyayo nilizichuna hadi pingili ya mwisho ya kila kidole. Mzee alikaa mlangoni akinitania kuwa Kibwana, ndivyo alivyomwita dubu wake, hakupata kusuguliwa hivyo alipokuwa hai.

Yakabaki masikio. Sikio hugeuzwa ndani nje, kama kidole cha glavu, ngozi itengane na gegedu mpaka nchani, ndipo litiwe chumvi. Ni kazi ndefu, na haionwi na mtu. Mgongo uliniuma. Nilimwaga chumvi juu juu, nikaikunja ngozi.

"Na masikio, baba, umeshayafungua?" mzee akauliza.

"Nimeshayafungua, babu."

Joto la Maskati halimsubiri mtu. Nilipoikunjua ngozi baada ya siku mbili, manyoya ya masikio yalinitoka vidoleni kama ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Hapo bado ningeweza kumwambia. Badala yake nilikata vipande vya ngozi ya mbuzi mweusi, nikavibandika kwa gundi, nikayachana manyoya yake kwa kitana. Kazi ilipokwisha, tajiri alitazama akasifu.

Kesho yake akaja mzee. Mkono wake ulipita mgongoni, ukapanda shingoni polepole, naye anacheka peke yake. Ulipofika nyuma ya sikio, ukasimama. Akapapasa la pili. Kisha akaurudisha mkono kifuani.

"Ungeniambia siku ile, ningelia mara moja," alisema. "Sasa nnamlilia yeye, na nnakulilia na wewe."

Akanishika bega nimpeleke garini, maana njia hakuiona, na dereva alibaki garini. Kabla ya baridi kuingia nikasikia tanzia yake. Nilikuwa sijamwomba radhi.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Basi, mwanangu, anza kazi yako pale pasipoonekana, kwani ndipo panapooza kwanza. Na ukiharibu, sema siku hiyohiyo, mtu angali na nafasi ya kukusamehe. Mimi mpaka leo nikigeuza sikio la mnyama, hata la paa mdogo, humsikia yule mzee akiniuliza, na humjibu kweli, ingawa hayupo.

Mungu akujaalie mikono yenye subira na ulimi usiochelewa. Na yule unayehitaji msamaha wake, akuwekee mpaka umfikie.