Madam Subirini na Shule ya Kiwandani

Wanafunzi walimwita Madam Subirini, maana kila walipolalamika jibu lake lilikuwa hilo hilo. Maji hayatoki bwenini? Subirini. Mwalimu wa hesabu kahama? Subirini kidogo, mwingine yuko njiani. Hata mpishi, maharage yakigoma kuiva, alichungulia dirishani akapaza sauti, "Subirini!" na foleni nzima ikaangua kicheko, sahani mkononi.

Shule ilijengwa na kiwanda cha nyuzi kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi. Madam, binti wa fundi mitambo, alikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza kuingia. Walianza kusomea kwenye bohari la pamba huku kuta za madarasa zikipandishwa jirani, wakipiga chafya mpaka mwalimu wa historia anasahau alikoishia. Alimaliza, akaenda chuo, akarudi kufundisha Kiswahili pale pale, na mwishowe akakabidhiwa ofisi ya mkuu wa shule.

Hata kiti hakijapata joto, kiwanda kikafungwa.

Watu wakaanza kuhama mji, leo huyu, kesho yule. Mabweni yakapwaya. Walimu nao wakaondoka, wengine bila hata kuaga. Timu ya mpira ikafika mahali pa kumwazima mlinzi wa getini akae golini, na alikuwa mzee wa magoti mabovu.

Madam alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi wazazi wasiwaondoe watoto. "Mwanangu mwenyewe yuko pale, kidato cha nne," aliwaambia. "Ningekuwa sina imani, ningemwacha?" Maneno hayo yaliwalainisha wengi, akiwemo fundi cherehani mmoja aliyekuwa ameshafunga virago vya binti yake.

Mwana aliyemtaja alikuwa binti yake wa pekee, mwenye kichwa chepesi, aliyetamani udaktari tangu utotoni. Siku moja aliingia ofisini akafunga mlango.

"Mama, mama mdogo amenipatia nafasi katika shule ya kule kwake. Niruhusu niende."

"Ukiondoka wewe, nani atabaki?"

"Fizikia hatuna mwalimu tangu mwaka jana."

"Nimeshaomba. Subiri kidogo."

"Usinijibu kama mwanafunzi wako. Mimi mwanao."

Madam akageukia dirishani. "Nimewaambia watu uko hapa. Nitaweka wapi uso wangu?"

Binti akafungua mlango, akarudi darasani. Hakuomba tena.

Mwalimu hakuja. Madam akachukua kitabu cha fizikia akaingia darasani mwenyewe, yeye mtu wa ngeli na mashairi. Aliunganisha nyaya na betri kama mchoro ulivyoonyesha, balbu ikagoma kuwaka. Akatazama kitabu, akatazama nyaya, jasho likamtiririka. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Binti yake akaja mbele kusaidia, naye akakwama. Wakabaki wameinamia meza ile, mama na mwana, darasa zima likiwatazama.

Matokeo yalipotoka, binti aliongoza kwa Kiswahili. Fizikia alianguka, pamoja na wenzake wote. Muda si mrefu akaja ofisa wa elimu na agizo: shule ifungwe, wanafunzi waliosalia wahamishwe.

Fundi cherehani alikutana na Madam sokoni.

"Uliniambia mwanao yuko pale."

"Alikuwepo."

"Najua alikuwepo. Ndiyo maana hata sijui nikutukane vipi." Akaondoka na kikapu chake.

Nyumbani Madam alimkuta binti akikunja nguo. Alipiga magoti kando ya begi akitaka kumsaidia. Binti akamwondoa mikono taratibu, bila hasira.

"Nilikuomba, mama," alisema. "Nilikuomba kwa adabu."

Alikwenda kwa mama mdogo kuanza upya kidato cha tatu, kati ya watoto aliowazidi umri. Madam alihamishiwa shule ya mbali, akawa mwalimu wa kawaida.

Kila Jumapili anapiga simu. Binti huitikia kwa heshima, "Shikamoo, mama," kisha humsimulia habari za mvua na za binamu zake. Mama akigusia masomo, hujibu, "Naendelea vizuri," na kabla hajaulizwa zaidi anampa simu mama mdogo.