Gari Lisilo na Paa, na Mama Mkwe Nyuma

Nilipostaafu ualimu, kanisa liliniomba nifundishe somo la dini katika shule za Newala. Sisi tunakaa Lulindi, kwenye mikorosho yetu, kwa hiyo kila asubuhi ilinibidi kupanda mlima na kila jioni kushuka. Niliipokea kazi ile kwa shukrani. Mungu akimpa mzee kazi, hajamchoka bado.

Shida ilikuwa kwa mama mkwe wangu. Alikuwa anaishi Newala peke yake, amezeeka, na mke wangu ndiye binti yake pekee. Kwa watu wa huku, ambako mtoto ni wa upande wa mama, hakuna anayeuliza nani atamtunza. Mke wangu alisema atahamia Newala. Aliyasema hayo huku anatwanga kisamvu, bila kuniangalia. Tumeoana tangu ujana, na hatujalala nyumba mbalimbali ila wakati wa uzazi.

"Si tutapanda wote asubuhi na kurudi wote jioni?" nikamwambia.

"Kwa gari gani, Baba? Unanijua."

Namjua. Gari lililofungwa humtapisha kabla halijawashwa. Akiona basi tu likipita barabarani, hushika tumbo.

Basi tukaanza kutafuta chombo chenye hewa. Pikipiki ilikataliwa na nyonga yake. Bajaji aliijaribu mjini Masasi, akaenda nayo sokoni na kurudi kwa miguu. Guta, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, aliipenda. Mimi nikajiona nikishushwa kwenye guta mbele ya wanafunzi, Biblia kwapani, kama gunia la mihogo lililookoka. Nikamsihi tuendelee kutafuta.

Tulipata kwa fundi mmoja wa Masasi, Myao, mtani wangu mimi Mmakua. Alikuwa na gari kuukuu la mashambani ambalo liliangukiwa na tawi, naye akaliondoa paa lote.

"Shikamoo, Babu. Hili ndilo lenu."

"Marahaba. Paa liko wapi?"

"Limetangulia mbinguni. Wewe na Bibi mtalifuata polepole."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mmakua kulowa mara moja kwa mwaka, si atashukuru?"

Wakati tunataniana mke wangu alikuwa amekwisha kupanda kiti cha mbele. Fundi akatuzungusha. Upepo ukampiga usoni, kanga ikamtoka kichwani, naye akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipokuwa wachumba. Nikajua gari limekwisha kununuliwa.

Gari la wazi lina mambo yake. Gari lililofungwa laweza kusema uongo kwamba limejaa. La kwetu halikuweza. Newala maji ni ya shida, na kila mtu wa Lulindi mwenye ndugu huko juu aliona nafasi yetu kwa macho yake. Tulipanda na madumu yao yaliyojaa maji na kushuka na madumu matupu. Vumbi nalo halikutusahau. Siku moja niliingia darasani mwekundu kama tofali, nikafundisha kuumbwa kwa Adamu bila kuhitaji picha.

Mama mkwe alimwona binti yake akishuka garini kila asubuhi amebadilika rangi kwa vumbi, akamhurumia. Akasema atakuja Lulindi kuangalia. Akipendezwa, atakaa. Asipopendezwa, atarudi Newala pamoja na binti yake, na safari zetu zimekwisha. Usiku ule niliomba kuliko kawaida.

Kwetu mkwe haangaliwi usoni wala hasemeshwi ovyo. Tulimkalisha nyuma, juu ya magunia, katikati ya madumu matupu. Nami nikageuza kioo cha nyuma kikatazama miti, nisije nikakutana na macho yake. Tukakubaliana kwamba akigonga bodi mara moja, nisimame. Akigonga mara mbili, niondoke. Mengine yote yalipitia kwa mke wangu.

"Mwambie mumeo barabara ina mashimo."

"Baba, barabara ina mashimo."

"Mwambie Mama nimeyaona."

"Anasema ameyaona, Mama."

"Kama ameyaona, mbona hakosi hata moja?"

Tulipomaliza mteremko, mke wangu alisinzia. Nikasikia bodi ikigongwa mara moja. Nikasimama, nikaelewa kwamba mama anataka kwenda kuchimba dawa. Niligeuza uso upande wa pili na, kwa kuongeza heshima, nikafumba macho. Upepo ulikuwa mkali. Baada ya kitambo bodi ikagongwa tena, mara mbili. Nikaondoka.

Nilipofika jirani na nyumbani nilikuwa naimba zaburi ya jioni. Nyuma kulikuwa kimya, nikamshukuru Mungu kwamba mkwe ameizoea barabara. Mke wangu akaamka, akageuka.

"Mama yuko wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya gari."

"Umemwona?"

"Ningemwangaliaje?"

Upepo ukayagongesha madumu mawili matupu kwenye bodi, moja baada ya jingine, nami nikaelewa ni nani aliyeniruhusu kuondoka.

Niligeuza gari. Mke wangu akaanza kukunja kanga yake kama mtu anayefungasha nguo. Hatukwenda mbali tukakutana na guta limebeba magunia ya mihogo, na juu ya magunia ameketi mama mkwe, fimbo mapajani. Akashushwa. Hakwenda kwa binti yake. Alikuja upande wangu, akasimama. Nikatazama chini.

"Mkwe."

Sikujua kama naruhusiwa kuitika. "Naam, Mama."

"Nitazame."

Nikamtazama. Ana macho ya mke wangu.

"Heshima yako ni nzuri, lakini inaacha watu njiani. Geuza hicho kioo."

Nikakigeuza. Akamwambia binti yake akakae na madumu, yeye akapanda mbele, kando yangu, akanionyesha mashimo yote yaliyobaki, moja baada ya jingine, bila mkalimani.

Nyumbani alizunguka ua, akaonja maji ya mtungi, akatazama mikorosho. Sisi wawili tulisimama mlangoni kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Nitakaa," akasema, "mpaka korosho ziokotwe."

Korosho ziliokotwa zikaisha. Akasema anangoja mahindi. Mahindi yakavunwa, akasema anangoja mbaazi. Sasa mbaazi zimetoa maua, nami ninapopanda Newala peke yangu na maji ya watu, namwomba Mungu asiziharakishe.