Kampasi ya Itigi na Watoto Wasiohesabiwa

Watu wa upembuzi yakinifu walikuja na dodoso refu, lakini swali lao lilikuwa moja: tukijengewa kampasi ya chuo kikuu cha umma hapa Itigi, vijana wa kuijaza wapo? Mimi nafundisha sekondari Mitundu, wakaniazima niwatembeze nyumba kwa nyumba. Nilikubali kabla hawajamaliza kuomba. Dada yangu alimaliza kidato cha sita, akafaulu, akapata nafasi chuo cha mbali, wala hakwenda. Mimi mdogo wake nilikwenda. Nyumbani tuliambiwa mwenyewe hakutaka. Niliikubali habari hiyo, ila picha yangu ya joho sijawahi kuitundika ukutani.

Mkuu wa timu alikuwa bwana mpole kutoka Dar es Salaam, na majibu yote aliyaingiza kwenye kishikwambi. Siku ya kwanza nilimwacha aulize mwenyewe, maana wataalamu hawapendi kusahihishwa kabla hawajakosea.

"Shikamoo, mzee. Una watoto wangapi?"

"Marahaba. Wapo."

"Wangapi, mzee?"

"Mungu amejalia."

"Watano? Sita?"

Mzee akageukia mtama wake aliouanika, akawa anafukuza kuku ambao hawakuwapo. Bwana wetu akaandika mmoja. Nyumba ya pili wakamwambia "wachache", akaandika wawili. Ilipofika saa sita mchana, kwa mujibu wa kishikwambi kile, Mitundu ilikuwa kijiji cha tasa watupu.

Nilicheka, halafu nikaogopa. Kwetu mtoto hahesabiwi. Ukitaja idadi yao mbele ya mgeni, umeyaita mauti yaje kuchagua. Wazee wanaamini hivyo, na sisi tunaojidai hatuamini hatuthubutu kujaribu. Kwa majibu yale kampasi ingekwenda mkoa mwingine, nasi tungebaki kuilaumu serikali.

"Usiulize wangapi," nikamwambia. "Uliza wa kwanza yuko wapi, anayemfuata anafanya nini, hivyo hivyo mpaka kitindamimba. Hesabu ujumlishe mwenyewe, tena kimyakimya."

Siku ya pili watu wakafunguka. Wa kwanza anarina asali porini. Anayemfuata anauza chakula stesheni Itigi, treni zikisimama. Wa tatu kafika kidato cha sita, karudi, yuko kwenye alizeti. Vijana wa namna ya huyo wa tatu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, na baadhi yao niliwafundisha mimi. Niliona uchungu, kwa sababu darasani nilikuwa nawaambia elimu haina mwisho.

Alasiri tukafika kwa mama. Sikutaka kumhoji mzazi wangu, nikavuta kigoda pembeni.

"Shikamoo, mama. Mtoto wako wa kwanza yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Yupo hapo jikoni."

"Amesoma?"

"Kidato cha sita. Alifaulu vizuri."

"Kwa nini hakuendelea?"

Jibu nililijua, nikawa natazama nje. Mama akaikunja khanga yake magotini.

"Nilimkataza mimi," akasema. "Baba yao alikuwa amefariki, na mimi nimevunjika nyonga. Nikamwambia, ukienda huko mbali utarudi kunizika. Akabaki. Nilipopona, nafasi yake ilishapita, na zamu ya huyu ilikuwa imefika." Akaninyooshea kidole. "Huyu nikamwachia aende. Watu walipouliza, nikasema mkubwa hakutaka."

Wakati ule mimi nilikuwa shule ya bweni. Nilijua dada alimuuguza mama, sikujua kwamba alizuiwa. Nilimkasirikia mama. Nilijikasirikia mimi zaidi, maana miaka yote hiyo sikumuuliza dada mwenyewe hata siku moja.

Bwana akachagua "kuuguza mzazi", kisha akauliza umri.

"Thelathini na saba," dada akajibu kutoka jikoni, akatoka huku akijifuta unga mikononi.

Bwana akabonyeza, akabonyeza tena. Dodoso lilikuwa la vijana, mwisho miaka ishirini na mitano. "Samahani, dada," akasema. "Mfumo haupokei."

Dada akageuka, akaingia ndani. Nilidhani ameudhika. Akarudi na cheti chake ndani ya mfuko wa nailoni, hakina hata kunjo moja, akampa kwa mikono miwili.

Nikainuka. "Dada, hawa hawaandikishi wanafunzi. Wanachunguza tu kama chuo kijengwe."

"Nimesikia, mwalimu. Jikoni si mbali." Kisha akamgeukia mgeni. "Basi niandike hata kwenye karatasi. Kijengwe kisijengwe, mtu aandike mahali kwamba nilitaka."