Sauti ya Kumi na Saba

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kitu. Studio ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa karibu na River Road. Fundi Mkuu alinikalisha kwenye kreti ya soda mbele ya sampla, akanipa daftari.

"Madam, kugonga kila mtu anajua," alisema. "Wewe keti hapa uhesabu."

Sampla ni mashine inayohifadhi vipande vya sauti, nawe unaviita kwa kugonga pedi za mpira. Yetu iliweza kutoa sauti kumi na sita kwa pamoja. Ukiiletea ya kumi na saba, haikatai wala hailalamiki; humnyamazisha aliyetangulia ili aliyekuja mwisho apate nafasi. Fundi Mkuu aliita hali hiyo kunyang'anywa kiti. Alinifundisha kwamba sauti ya stirio, yaani ya kushoto na kulia, hukalia viti viwili, na kwamba mkia wa sauti, ule mvumo unaobaki baada ya pigo, huendelea kukalia kiti mpaka uishe wenyewe, usiponyang'anywa. "Kitu huskii bado inaweza kuwa imekaa," alizoea kusema.

Nilihesabu miezi mitatu kabla ya kuruhusiwa kutengeneza biti yangu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia Riruta, studio ndogo kando ya Naivasha Road, iliyokuwa na sampla kama ile. Bosi wa pale tulimwita Mkurugenzi kwa kuwa ndivyo mlango wake ulivyoandikwa. Alipenda kupiga kinanda kilichounganishwa na sampla hiyo, na kila wimbo uliotoka pale ulikuwa na kinanda chake, mteja atake asitake.

Ndipo ikaja kwaya moja ya Kabiria. Wengi wao asili yao ni magharibi mwa nchi, wakaja na isukuti, ngoma zao tatu. Ile kubwa ilipigwa na Mzee Shiundu, fundi viatu mwenye vidole vilivyopinda kwa kazi. Ndiyo iliyofungua kila mzunguko wa wimbo: pigo moja, halafu mkia mrefu uliotambaa chini ya waimbaji. Nilirekodi waimbaji na vyombo, vipande vyote nikavibana kuwa vya upande mmoja ili kila kimoja kikalie kiti kimoja, nikavipanga kwenye pedi. Siku ya kusikiliza, katikati ya kiitikio, mkia wa ngoma kubwa ulikatika kama uzi ulioumwa na meno.

Mzee Shiundu alinigeukia. "Msichana, mbona ngoma yangu inazibwa mdomo?"

Mkurugenzi aliniwahi. "Mzee, hiyo tunatoa tu. Si imeshaanzisha wimbo? Hakuna mtu ataskia tofauti."

"Mimi nitaskia."

"Na sisi," akasema mwenyekiti wa kwaya. "Bila hiyo ngoma tunatafuta studio ingine. Tutarudi Ijumaa."

Walipotoka, Mkurugenzi alinyoosha kidole kuelekea pedi ya ngoma. "Futa. Ukikataa, Ijumaa uache ufunguo hapa kwa meza."

"Sifuti kabla sijahesabu."

"Unahesabu nini na mashine imejaa?"

"Nataka kujua imejazwa na nani."

Nilifungua daftari. Kwaya ilikuwa na sauti nne, besi moja, kayamba moja, ngoma tatu. Jumla tisa. Nilihesabu tena, tisa. Viti saba vilipaswa kuwa wazi. Ndipo nilipoona kosa letu, na lilikuwa kosa la adabu: katika studio zote nilizofanyia kazi, tulihesabu vyombo vya wateja tu. Mkono wa bosi haukuandikwa daftarini. Nao ulikuwa ukipiga vidole vinne kwa mpigo na kukanyaga pedali, kwa hiyo vinne vya kwanza vilikuwa bado vinavuma vinne vingine vilipoingia. Nane. Kidole chake cha mwisho ndicho kilichokuwa cha kumi na saba.

Nilimwita, nikamwonyesha vijistari nilivyochora daftarini.

"Unaniambia kinanda yangu ni mwizi?"

"Sijasema mwizi, Mkurugenzi. Nimesema nane."

Aliingia ofisini mwake akaubamiza mlango. Nilirekodi upya kila mkusanyo wa vidole vyake vinne kuwa sauti moja, nane zikawa mbili. Kinanda hakikupungua hata chembe. Ijumaa Mzee Shiundu alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, kisha akavaa kofia yake. "Sasa imepumua," alisema. Ufunguo nilirudi nao nyumbani.

Nilipostaafu, wenye studio waliniambia niiache ile sampla kwenye taka za elektroniki. Niliibeba hadi nyumbani. Vijana huniambia kompyuta zao hazina kikomo. "Mathe, hakuna haja ya kuhesabu siku hizi." Labda. Lakini mimi nimewasikia mara nyingi wakisema "toa hiyo, imeshaanzisha", na si kuhusu ngoma tu.

Mzee Shiundu alipofariki, kwaya iliomba ule wimbo upigwe kanisani Kabiria. Nilikaa kiti cha mbele, na mhudumu aliponiambia nisogee nyuma niwapishe wageni, sikusogea. Kiitikio kilipofika, nilihesabu kwa vidole juu ya goti. Ngoma yake ilivuma chini ya kwaya yote, ikaisha yenyewe.