Foremani, mbwa asiyetaka mtu mbele ya binti yangu

Wakuu, poleni na kazi za wiki.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Napita, nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimechoka vya kutosha kuandika.

Haya yametokea nyumbani kwangu, Shauri Moyo, na nitayapanga jinsi yalivyofuatana. Sitaongeza chumvi, maana yenyewe ilikuwa imejaa tayari. Majina ya watu nimebadilisha. La mbwa nimeliacha. Huyo hana heshima ya kuharibiwa.

Nianze na watu wa nyumba.

Mume wangu ni askari wa lango katika kiwanda kimoja Industrial Area, shifti ya usiku. Mimi nauza nguo za watoto Gikomba, mitumba. Tuna binti mmoja, tumwite Nafula. Ana miguu mirefu ya shangazi zake wa Bungoma, na tangu ajifunze kutembea hajatembea tena. Ukimtuma nyanya, anakimbia. Ukimwita chai, anakimbia. Raba zake huisha mbele kabla nyuma haijachafuka.

Halafu kuna mbwa.

Mume wangu alimleta akiwa mdogo, ndani ya jaketi la kazi. Sababu ilikuwa nzuri. Siku hizo nguo zetu zilikuwa zinaanuliwa kambani na watu ambao hawakuzifua. Akampa jina Foremani, kwa kuwa hata akiwa wa kushikwa kwa mkono mmoja alizunguka laini nzima ya nyumba zetu akikagua nani anafanya nini.

Nguo hazijaibwa tena. Hiyo haki yake nimpe.

Lakini Foremani ana tabia moja. Mtu anayetembea hana neno naye. Nadhani hata mwizi akija kwa mwendo wa pole wangesalimiana. Shida ni mtu anayekimbia. Ukikimbia, anakuja nyuma yako kimya kimya, habweki, na anakushika kisigino.

Sasa chukua laini ya nyumba za zamani za kaunti, milango imetazamana, mfereji mmoja wa maji katikati. Hapo kila mtu anakimbia. Watoto wanakimbizana. Mvua ikianza, wamama wanakimbilia kamba. Maji yakirudi, wote tunakimbia na mitungi. Nimeomba msamaha kwa majirani mpaka nikawa naomba kabla sijaambiwa kosa.

Jirani wa mlango wa pili, Mama Kevo, alinijia siku moja nikiwa nasuka nywele za Nafula.

"Mama Nafula, mbwa wenu amekula tena."

"Amekula nini?"

"Kiatu cha Kevo."

"Pole, dada. Tutamnunulia kingine."

"Na mguu ulikuwa ndani."

Mguu ulikuwa na alama tu, ngozi haikuchanika. Hata hivyo tulimpeleka Kevo kliniki akachomwa sindano, na jioni kikao kikakaa kwenye mfereji. Mwenyekiti wa laini yetu ni mzee aliyestaafu reli, mtu wa maneno machache. Alisema, "Mbwa huyu akileta fujo nyingine, anaondoka. Sitaita kikao kingine." Tukaitikia, tukabeba maji, tukaenda nyumbani.

Mtauliza kwa nini hatukumwondoa siku ileile.

Kwa sababu ya Nafula.

Mtoto anafanya mazoezi ya mbio alfajiri. Hana saa nyingine. Jioni akitoka shule kiwanja kina vijana wakubwa wa mpira, na mtoto wa kike akikatiza hapo anaambiwa maneno. Alfajiri nako barabara ni ya wabeba mizigo wa Gikomba, na wengine ambao sijui wametoka wapi wala wanakwenda wapi. Peke yake nisingemruhusu. Akiwa na Foremani pembeni, hakuna aliyewahi kumsemesha.

Na ajabu ni kwamba Nafula mbwa hakuwahi kumuuma. Alikimbia sambamba na goti lake, kama wamefungwa kamba moja. Sharti lake lilikuwa moja tu: asiwepo mtu mbele ya Nafula. Asubuhi moja walimkuta baba mmoja mwenye tumbo akikimbia kama alivyoagizwa na daktari. Kabla Nafula hajamfikia, Foremani alishatangulia. Yule baba alirudi nyumbani na tracksuit ya mguu mmoja na nusu.

Kuna jambo lingine la alfajiri lazima niliseme hapa, maana ndilo lililotufikisha tulipo.

Mume wangu anatoka shifti wakati huohuo. Akifika mwanzo wa laini, Nafula yuko tayari mlangoni, mbwa ameinuka. Anatoa filimbi yake ya kazi, anapuliza mara moja, ndefu. Mtoto na mbwa wanachomoka. Yeye anawatazama mpaka wapinde kona, halafu anaingia, anakunywa chai, analala. Nafula akirudi kuoga, baba anakoroma. Siku za wiki, hapo ndipo walipokuwa wanaonana. Filimbi moja.

Basi ikafika siku ya mchujo wa michezo ya shule.

Ulifanyika kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba zetu. Nafula alikuwa kwenye mita elfu moja na mia tano. Wawili wa kwanza ndio wangeenda mbele kwenye mashindano ya kaunti. Mwalimu wake wa michezo, Madam Awuor, alikuwa ameniambia kwamba huko huja walimu wa shule za bweni wakitafuta watoto wa mbio, na akipata mmoja wa kumchukua, mwelekeo wake umebadilika. Maneno hayo nilitembea nayo wiki nzima. Nilikuwa napanga nguo sokoni huku najiona nikimpeleka bweni na sanduku.

Nilifunga kibanda siku hiyo. Foremani nikamfunga kwenye mlingoti wa kamba ya nguo kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo. Mume wangu alikuwa amelala. Mama Kevo alikuja na leso, tukakaa naye pembeni ya kiwanja. Yeye hana ugomvi wa kudumu, ana mdomo tu.

Mwalimu wa kuanzisha mbio akainua mkono. Akapuliza filimbi, mara moja, ndefu.

Niliisikia nikafurahi. Sikumfikiria mwingine aliyeisikia nyuma ya ukuta.

Nafula alianza katikati ya kundi, akili yake imetulia. Kila mzunguko alipita mmoja au wawili. Walipoingia mzunguko wa mwisho alikuwa wa pili, na mbele yake msichana mmoja mwembamba wa shule ya Mathare, anakimbia vizuri sana. Nafasi ya pili ilitosha. Madam Awuor alikuwa anamwonyesha kwa mkono: tulia, tulia hapo hapo.

Mama Kevo akanigusa bega. "Mama Nafula. Yule si mfanyakazi wenu?"

Foremani alikuwa anaingia kiwanjani kupitia pengo la ukuta, kipande cha kamba kinamfuata nyuma. Hakuwa na haraka ya fujo. Alikata kiwanja, akafika kwa Nafula, akakimbia pale pale kwenye goti lake kama alfajiri yoyote. Watu walicheka. Hata mimi nilidhani labda yataishia hapo.

Kisha akainua kichwa, akaona kwamba kuna mtu mbele.

Nilimwona Nafula akigeuka kumtazama. Yeye ndiye pekee kwenye kiwanja kile aliyejua kinachofuata. Mbwa akachomoka kumfuata yule msichana. Nafula naye akachomoka, na wakuu, sijawahi kumwona mtoto wangu akikimbia vile, wala sijamwona tena. Hakuwa anakimbilia utepe. Alikuwa anakimbilia ile kamba iliyokuwa inaburuzwa. Akaikanyaga, akaidaka, akaanguka nayo. Mbwa alivutwa nyuma meno yakiwa karibu na soksi ya yule msichana.

Yule msichana hakujua lolote. Alikwenda zake akashinda.

Nafula alibaki chini, amelala juu ya mbwa kwa uzito wake wote, magoti yote mawili yamechunika. Wenzake wanampita. Angeinuka na kumwachia, mbwa angemshika wa kwanza atakayepita. Hivyo hakuinuka mpaka wa mwisho alipopita.

Nilikwenda kwa Madam Awuor. Sikwenda kugombana, sina nguvu hizo. Nilimuuliza tu kama kuna njia.

"Mama Nafula, hata mimi roho inaniuma. Lakini hakumaliza. Nikimwandika yeye, nani aondolewe?"

Hakuna. Nilijua jibu kabla sijauliza.

Njiani kurudi Mama Kevo akasema, "Huyo mtoto wako ana moyo. Lakini huyo mbwa, dada, hapana."

Mwenyekiti alikuwa amekaa nje ya mlango wake. Alinitazama, akatazama mbwa, akatikisa kichwa mara moja. Na kweli hakuita kikao kingine.

Shemeji yangu wa Huruma ana yadi ya vyuma chakavu, imezungushiwa mabati, na alikuwa ameomba mbwa siku nyingi. Mume wangu alitaka kumpeleka. Nafula akakataa.

"Nitampeleka mimi. Akienda na nyinyi ataleta shida."

Tukaenda naye, mimi na Nafula, kwa miguu kutoka Shauri Moyo mpaka Huruma. Mtoto ambaye hajawahi kutembea alitembea safari nzima, pole pole, mkono kwenye kamba. Nilimuuliza magoti yanamuuma? Akasema, "Hapana, Mama. Nikikimbia atafikiri ni asubuhi."

Pale yadini aliifunga kamba mwenyewe, akamwonyesha amu yake jinsi Foremani anavyopenda kukunwa chini ya shingo, akatoka bila kugeuka.

Kesho yake alfajiri mume wangu alifika mwanzo wa laini. Mazoea ni mazoea. Akapuliza filimbi, mara moja, ndefu.

Hakuna aliyetoka.

Nafula alikuwa kitandani, macho wazi, anatazama ukuta. Baba yake aliingia, akaitazama filimbi mkononi kana kwamba ameokota ya mtu mwingine, akaiweka juu ya kabati. Siku ya pili hakuipuliza. Wiki ikaisha hivyo. Nafula alikwenda shule akitembea. Nilimtuma nyanya, akaenda akitembea, na mimi nikasimama mlangoni nikimwangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa.

Ndipo nikaelewa, kwa kuchelewa kama kawaida ya wazazi. Mimi nilimhesabu yule mbwa kuwa mlinzi. Mtoto alimhesabu kuwa mtu pekee wa nyumba hii aliyeamka na kutoka naye. Baba anarudi kulala, mama anapanga mizigo ya soko. Aliyetoka naye kwenye baridi alikuwa Foremani.

Jumatatu nilivaa raba za mume wangu, nikajifunga leso, nikamwambia, "Haya, inuka."

"Mama, unaenda wapi?"

"Mazoezi."

Aliangalia miguu yangu kwa muda. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mchujo, akacheka.

Mume wangu alitukuta mlangoni. Aliingia ndani, akatoka na filimbi.

Wakuu, nisiwadanganye. Nimefika kwenye mfereji nikiwa nahema kama cherehani mbovu. Nafula anazunguka, ananipita, anazunguka tena, ananipita tena, na kila akipita ananiambia "Songa, Mama." Miguu yangu ya kusimama sokoni haikuumbwa kwa kazi hii. Mwaka ni mrefu mpaka mchujo mwingine, na sijui kama nitaufikisha. Nimechoka hata kabla ya kwenda kazini.

Funzo ni dogo. Mtoto akiwa na jambo analipenda, usimpe tu kitu cha kumlinda. Mtu wa nyumba aamke naye, hata kama ni wa kuhema nyuma. Na ukizoesha mbwa filimbi, kumbuka kwamba filimbi ziko nyingi duniani.

Wenye watoto wa mbio na wenye mbwa wa aina hii, semeni nanyi mnafanyaje. Anayejua dawa ya magoti ya mama wa makamo, huyo aanze.

Kuhusu Mama Kevo, mlijua hangekosa la kusema. Asubuhi ya kwanza alifungua mlango na mswaki mdomoni, akaniona napita nikijikokota, akatazama nyuma yangu, akatazama tena.

"Mama Nafula! Unakimbizwa na nani, na mbwa mlishampeleka?"

Nilimpungia mkono nikapita. Leo asubuhi nilipopita, mlango ulikuwa wazi, naye ameinama anafunga kamba za raba.